Mwacheni Zule Aharibu

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa mama mdogo Zuleikha,

Assalamu alaikum, na shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umekaa mahali penye upepo, kahawa yako kando, na joto la huko Maskati limekupa nafasi ya kupumua. Goti la kulia laendeleaje? Yale mafuta ya nyonyo niliyokutumia Machi yalifika, au aliyeyabeba aliyamaliza njiani kwa magoti yake mwenyewe? Nakujua wewe, utasema hujambo hata ukiwa huwezi kuinuka. Safari hii niambie kweli.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Masika yalitunyeshea mpaka tukasahau rangi ya jua, lakini mihogo nyuma ya nyumba imeshika vizuri, na paa halikuvuja ila pale upande wa kuku, nao hawajalalamika. Hassan hajambo, bado yuko bandarini na kazi yake ya kufunga kamba za meli. Mama mkwe wangu Bi Mishi hajambo, ila meno mawili ya mbele yamemuaga. Asema sasa atakula vitu vya raha tu.

Uliniomba nikuandikie kwa mkono, kwamba sauti za simu wazisikia mara moja zinapita, lakini barua waiweka chini ya mto ukaisoma tena. Nimetii. Mwandiko wangu ni uleule wa darasa la saba, usinicheke. Mansur, mwana wa ammi yangu, yuasafiri Alhamisi, na nimemwambia aitie pamoja na pasipoti ili asiisahau.

Sasa nikae vizuri, maana habari yenyewe ni ya somo wako, Zule wangu niliyempa jina lako, na ni ndefu.

Wakumbuka mwaka juzi nilikulilia kwenye simu kwamba mtoto amenyamaza. Ile shule ya kwanza walikuwa wakikaa kwa safu tangu asubuhi, wananakili ubaoni, na anayekosea husimamishwa mbele ya wenzake. Zule alisimamishwa mara mbili. Baada ya hapo shuleni akawa hasemi kabisa, na nyumbani akawa anong'ona tu. Asubuhi nikimvisha viatu, anajikojolea. Mtoto aliyeacha kujikojolea tangu ana miaka miwili! Nikamtoa, nikakaa naye nyumbani. Hassan hakupenda, lakini aliniachia.

Januari akaanza gredi ya kwanza kwenye shule nyingine, ya hapa karibu, twaenda kwa miguu. Mwalimu wake aitwa Mwalimu Gladys, mtu wa Kaloleni, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya pili akasikia. Kwake hawakai kwa safu. Wanakaa kwa mafungu juu ya mikeka, wanahesabu kwa kokwa, wanapima mihogo kwa kamba, na wanauliza maswali mpaka mwalimu mwenyewe awaombe wasubiri. Mwezi haujaisha, mama, Zule akarudi anaongea. Akaongea akila, akaongea akioga, akaongea na kuku. Wallahi nilikuwa nasimama nyuma ya mlango wa jikoni kumsikiliza tu, machozi yanitoka.

Mimi nilifurahi. Hassan yeye akafungua daftari.

Daftari la Zule lilikuwa jeupe kama kanzu ya Idd. Michoro miwili mitatu, na mchanga katikati. Hakuna alama ya vyema, hakuna kalamu nyekundu.

"Mtoto wa dada yangu ni umri huu huu, asoma herufi zote amefumba macho," akasema. "Wangu mimi aja na mchanga mfukoni. Huko wafunzwa nini, kujenga?"

Na Bi Mishi pale pembeni akitafuna tambuu yake: "Wafunzwa kucheza, baba. Na kucheza hata mbuzi ajua."

Wakakata shauri wao wawili. Idd kubwa ikipita, Zule ahamishwe, apelekwe shule anakosoma huyo mtoto wa wifi yangu. Shule ya safu, shule ya kunakili. Nikauliza kama nao huwasimamisha watoto mbele. Hassan akanijibu, "Kusimama hakujaua mtu." Nilikwenda nyuma nikapalilia mihogo ambayo nilikuwa nimeshaipalilia.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, mama. Nilihofu kwamba akirudi kwenye kunong'ona mara ya pili, sitamtoa tena huko.

Ndipo nikafanya kosa langu. Mwezi wa tano Mwalimu Gladys alituma neno kwamba kila mtoto atengeneze kitu kimoja kinachotumika nyumbani, kwa vitu vya hapo hapo nyumbani, kisha Jumamosi wazazi wote waje waone. Nikasema hapa ndipo. Hassan akiona kitu kizuri kwa macho yake, atajua mtoto yuafunzwa. Nikachukua miyaa yangu ya mkindu, ile niliyoitia rangi ya zambarau na kijani, nikasuka kikapu. Nilikisuka mama! Ukili mwembamba kama utepe, maua yamezunguka pembeni, kifuniko chafunga kikakaa. Siku nne nzima. Zule akija akinishika goti, "Mama, nipe na mimi," namwambia ngoja, utaharibu. Akija tena, "Mama, hata hapa?" Kaa pale kwenye ndoo mwanangu, utaharibu. Akakaa kwenye ndoo.

Hassan alipokiona alikigeuzageuza. "Zule ndiye kafanya hiki?" Nikamwambia, "Kazi ya shule hiyo." Uongo sikusema, lakini na ukweli pia sikuusema. Akakipeleka bandarini kuwaonyesha wenzake. Bi Mishi akataka kukitilia tambuu yake.

Jumamosi ilipofika Hassan aliomba ruhusa kazini, akavaa shati lake la bluu, akakibeba kikapu yeye mwenyewe njia nzima. Kila tukikutana na mtu, anapunguza mwendo.

Mama, ungeliona darasa lile! Ziro, mume wa jirani yangu Nyamvula, ni seremala, na mtoto wao kaja na kitanda cha mvule chenye droo mbili. Munga yule wa kutengeneza pikipiki, mwanawe kaja na lori la bati lenye taa na honi. Kulikuwa na kabati la vyombo, kulikuwa na jiko lenye mlango. Na ukumbuke hawa ni watoto wa miaka sita.

Mwalimu Gladys akapita akitazama, mikono nyuma. Kisha akawaita watoto mmoja mmoja. Hakuwauliza ni kitu gani. Aliwauliza, "Tueleze, ulikitengeneza vipi?"

Akaanza wa Munga. "Mimi nilitumwa gundi."

"Halafu?"

"Halafu nikatumwa tena, ile ya kwanza haikushika."

Watu wakaanza kuchekacheka. Akaja wa Ziro. "Mimi nilishika tochi. Baba akajigonga kidole akasema neno."

"Neno gani?" mtu akauliza huko nyuma.

Nyamvula akaruka: "Hakuna neno! Kaa chini baba, umeshaeleza, inatosha!"

Darasa zima hoi. Mimi peke yangu nilikuwa sicheki. Zule akasimama, akakishika kikapu kwa vidole viwili kama kitu cha watu, akasema kwa ile sauti yake mpya, kubwa, sauti niliyoiombea dua miezi na miezi:

"Hiki alisuka mama yangu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo. Mama alisema nisiguse, nitaharibu."

Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani. Hassan hakunitazama. Alikitazama kikapu kama mtu aliyegundua amebeba mzigo usio wake.

Mwalimu Gladys hakunicheka wala hakunisuta. Aliwashukuru watoto kwa kusema kweli, akawatoa wakacheze nje. Sisi akatukalisha chini kwenye mikeka ya watoto, wababa wakubwa wale na matumbo yao. Akatugawa wawili wawili, mume asikae na mkewe, na kila wawili wakapewa donge moja la udongo. Mmoja afinyange kikombe. Yule wa pili akanong'onezwa kitu sikioni. Mimi nilikaa na Munga, na mimi ndiye niliyenong'onezwa: kila mwenzio akianza, mwambie si hivyo, mnyang'anye umfanyie.

Hassan alipewa Nyamvula. Wamjua Nyamvula kwa simu zangu, mdomo ule haukuumbiwa kunyamaza.

"Baba Zule, lete, wakosea."

"Nakosea wapi? Hata sijaanza!"

"Ndiyo hivyo, hujaanza na ushakosea. Lete."

Akampa. Akaomba, akarudishiwa, akabonyeza kidogo.

"A-a! Kikombe hicho au kata ya kubebea maji? Lete hapa."

"Nyamvula, mimi ni mtu mzima."

"Mtu mzima mwenye vidole vya ndizi. Lete."

Mara ya nne Hassan akasimama wima, udongo mpaka kwenye shati la bluu: "Mama wee, niachie udongo wangu!"

Tulicheka mpaka Munga akashika ubavu. Mwalimu Gladys naye alicheka, kisha akamuuliza kwa upole, "Umejisikiaje, baba?"

Wamjua Hassan, hufikiri kwanza. Akasema, "Mara ya kwanza nilitaka kumwonyesha kwamba naweza. Mara ya tatu nikaona heri nisifanye kitu, afanye yeye." Akaukwangua udongo vidoleni. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nina miaka thelathini na minne."

Hapo hakucheka mtu.

Mwalimu hakutuhubiria. Alisema tu kwamba yeye kila asubuhi humtazama mtoto kwanza, ajue leo ana hamu ya nini na amekwama wapi, kisha hesabu na kusoma azipitishie hapo hapo. Akatutolea karatasi zake. Kila mtoto ana yake, ameandikiwa anachoweza na anachokijaribu, wiki kwa wiki. Ya Zule ilikuwa imejaa pande zote mbili. Sisi tulikuwa tumekodolea macho daftari jeupe, kumbe kitabu chenyewe anacho mwalimu.

Akatuuliza, kitu unachokijua zaidi ya vyote, ulikijua vipi? Ziro akasema randa aliijua kwa kuharibu mbao za babake. Munga akasema alifungua baiskeli ya mjomba wake akairudisha, akabaki na nati tatu mkononi ambazo mpaka leo hajui zilitoka wapi, na baiskeli ikaenda.

Na mimi, mama, niliinua mkono. Mimi ambaye kwenye mikutano hukaa nyuma kabisa karibu na mlango. Nikasema mimi najua kusuka ukili. Nikasema nililelewa na mama yangu mdogo, na alinipa miyaa nikiwa na miaka saba, nikasuka kitu kilichopinda kama utumbo wa kuku, na hakunifumulia hata siku moja. Alikishona vile vile kikawa mkeka, akautandika mlangoni, wageni wakawa wapangusia miguu, naye awaambia, "Huo ni wa Rehema." Kila aliyekuja. Nikawa nasuka tena na tena ili wageni wapate pa kupangusia miguu. Nilipofika hapo nikakaa. Mwalimu Gladys akasema, "Huyo mama mdogo ningependa nimjue." Nikamwambia yuko Maskati na goti lamuuma.

Kumbe ulikuwa ukijua haya yote bila cheti chochote, na mimi niliyefundishwa hivyo ndiye niliyemkalisha mwanangu kwenye ndoo. Hilo limenichoma, na limenifurahisha pia, sijui kwa nini vyote viwili.

Kurudi nyumbani Hassan alitangulia njia nzima. Nilijua ana haki ya kukasirika. Tulipofika tu nikamwomba radhi. Akasema, "Kikapu ni kizuri." Basi. Sikujua nishike lipi, amenisamehe au amenuna.

Tangu siku hiyo nikaanza kujizuia, na wallahi ni kazi kuliko kulima. Zule akitaka kukanda unga, namwachia. Chapati zake zatoka zina pembe kama ramani, twazila. Akivaa viatu mguu huu kwa ule, nauma ulimi mpaka aone mwenyewe. Bi Mishi akawa amwambia kila ajaye, "Mwanamke wa Hassan amechoka kulea, sasa mtoto yuajilea."

Kisha Idd ikaja. Alhamdulillahi tulikula pilau tukashiba, na Nyamvula na Ziro walikuja na watoto wao na nanasi zima, na mtoto wao akamuuliza Hassan kama bado ana udongo. Baada ya kula tumekaa barazani, simu ya Bi Mishi ikalia. Ile simu yake ya tochi, ambayo yeye hajui kuyasoma maandishi yake, hupokea kila mtu kwa "Nani mwenzangu?" Zule alikuwa karibu, akaichukua, akaitazama.

"Bibi, ni Bi Mwanakombo Maneno Mengi."

Bi Mwanakombo ni shoga wa Bi Mishi tangu usichana.

"Nani?"

Zule akaweka kidole kwenye kioo akasoma tena, polepole, neno kwa neno. "Bi. Mwanakombo. Maneno. Mengi."

Aliyeingiza majina kwenye simu hiyo ni Hassan. Bi Mishi akamgeukia. "We Hassan! Ndivyo ulivyomwandika shoga yangu?" Hassan akaingia ndani kama aliyeitwa. Ziro akapaliwa na nanasi. Na mimi nimesimama na sinia mkononi, kichwani nina jambo moja tu: mtoto asoma. Asoma, na hapa nyumbani hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyemwuliza ila kwa kufumba macho na kuimba herufi.

Tangu hapo Bi Mishi simu ikilia haipokei. Aita, "Zuleikha!" Na Zule ajibu "Abee bibi!" akija mbio, amsomea. Kama ni mtu asiyemtaka, aambiwa aiache ilie.

Lakini shauri la kuhama lilikuwa bado lipo, mama. Hassan alikuwa ameshatoa neno kwa dada yake na kwa mwalimu mkuu wa huko. Jumatatu baada ya Idd akaamka, akanyoa ndevu, akafungua sanduku akatoa cheti cha kuzaliwa cha Zule, akakikunja mfukoni. Nikajua aenda wapi. Nilimpeleka Zule shule kwa Mwalimu Gladys kama kawaida, na mkono wake niliushika mpaka akaniambia, "Mama, waniumiza." Nikarudi nikakanda unga wa mahamri nikiulilia, mpaka nikaogopa chumvi itazidi.

Hassan alirudi adhuhuri. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, mbele ya mlango, akavua viatu.

"Nimefika," akasema. "Shule safi. Imepakwa rangi. Watoto kimya, hata nzi wasikia."

Nikaendelea kusukuma mahamri.

"Mwalimu mkuu alikuwa na mgeni, nikasubiri dirishani. Kulikuwa na mtoto wa kike amekaa hapo karibu, kama huyu wetu. Nikamwuliza, waitwa nani mama?" Akatazama miguu yake. "Sikia Rehema, nimemwuliza jina lake tu. Akamtazama mwalimu kwanza."

"Akakwambia?"

"Hakuniambia."

Akatoa cheti mfukoni akanipa nikirudishe sandukuni. Kisha akasema hakurudi moja kwa moja, alipitia kwa Mwalimu Gladys kumwambia kwamba mtoto habanduki hapo. Mwalimu naye hapotezi mtu. Kabla hajamaliza sentensi ameshamwandika: Jumatano hii inayokuja, Hassan aenda darasani kuwaonyesha watoto jinsi meli inavyofungwa. Mume wangu, mama! Aliyeuliza kama wafunzwa kujenga! Amekata vipande vya kamba ishirini na vinane, kila mtoto chake, na kila akitoka kazini aulizwa na wenzake, mwalimu, mtihani lini?

Wifi yangu amekasirika kidogo, lakini atapoa. Bi Mishi ndiye aliyemjibu. Alimwambia, "Mwache mtoto hapa karibu, nani atanisomea simu?"

Jana baada ya alasiri Hassan alitaka kujaribu lile somo lake. Akamkalisha Zule barazani, akafunga kamba kwenye mti wa kuanikia nguo mara mbili, taratibu. Zule akasema, "Sasa mimi." Akaanza. Akaizungusha upande usio wake, ikamtoka, akaanza tena. Nikiwa dirishani naona mikono ya Hassan yapanda, yataka kwenda. Akaitia chini ya mapaja akaikalia. Jasho lamtoka, mtu ambaye avuta kamba za meli za Wachina. Mara moja tu akafungua mdomo, "Hapo, mama, pale..." na Zule akamwambia bila kumtazama, "Baba, bado nafikiri." Akafunga mdomo.

Lilikuja fundo ambalo si la meli wala la ng'ombe. Hassan akalivuta kwa nguvu zake zote, akaegemea nyuma. Halikuachia. Akanitazama pale dirishani, mama, na uso wake sijauona hivyo tangu siku Zule alipozaliwa.

"Nani kakufunza hili?" akamuuliza.

"Mimi," Zule akasema, akaenda zake kwa kuku.

Basi mama yangu, hiyo ndiyo habari. Nisalimie ba'mdogo, na Zainabu na mdogo wake Faiza, uwaambie waje likizo wafundishwe kufunga meli. Bi Mishi akusalimu na auliza kama huko kuna meno ya kununua. Nyamvula akusalimu, asema vidole vya Hassan sasa vimepata akili. Hassan akuamkia sana na aomba umwombee dua ya Jumatano, maana wale ni ishirini na wanane na yeye ni mmoja.

Nami namwomba Mola akupe afya ya goti na ya moyo, akurudishe kwetu salama, ukae hapa barazani nikukandie mguu huo kwa mkono wangu. Kwa yote uliyoniachia niyaharibu nilipokuwa mdogo, Allah akulipe kheri asiyoweza kuipima mtu.

Wako akupendaye zaidi ya inavyoweza kubeba karatasi,
mwana uliyemlea,

Mwanarehema

Hiyo karatasi ya pili ni ya Zule, amekuchora wewe. Nilipoiona nilitaka kumwambia mtu ana mikono miwili, mbona hapa ni mitatu. Kidogo nichukue kalamu. Nikamwuliza tu. Akaniambia huo wa tatu ni wa kunipungia mimi, kwa sababu kwa ile mingine umembeba yeye.